Kutoka Tandale hadi Mukuru: nikifuata ramani, simu na vikao

Ijumaa, Tandale, Dar es Salaam

Tandale ya mchana wa Ijumaa ni magunia. Makuli wanapita mbio na mahindi mgongoni huku wakipiga kelele "upande, upande!", na ukichelewa kupisha unasukumwa bila samahani. Sikuja kununua maharage, ingawa bei ya hapa inashawishi. Nimekuja kwa sababu ya ramani.

Kabla ya 2011, ukitafuta eneo hili la kati ya Sinza na Manzese kwenye ramani za mtandaoni ulikuta karibu hakuna kitu, kana kwamba watu wote hawa wanaishi hewani. Agosti mwaka huo wanafunzi wa mipango miji kutoka Chuo Kikuu Ardhi waliingia na vifaa vya GPS, wakaungana na vijana wa hapahapa na kugawana mitaa ya kata: Kwa Tumbo, Mkunduge, Mtogole, Muhalitani, Pakacha, Sokoni. Walitembea uchochoro kwa uchochoro wakiweka alama penye bomba, choo, dampo, mtaro au zahanati. Waliyoyakusanya yakapakiwa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanza 2004, ambayo yeyote anaruhusiwa kuichora na kuitumia bila kulipa.

Kwa nini jambo hilo ni kubwa? Kwa sababu mabomba yote yakishakaa kwenye karatasi moja, kiongozi hawezi tena kusimama mkutanoni na kusema "maji yapo". Itambidi aseme yapo wapi.

Nimeingia ofisi ya mtaa mmoja ambao sitautaja. Chumba kimoja, benchi la mbao, feni isiyozunguka. Nje kuna ubao wa matangazo: chanjo ya watoto, onyo la kutupa taka mtaroni, na karatasi ya mapato na matumizi iliyopauka kwa jua hadi tarakimu hazisomeki. Foleni yote ilikuwa ya barua ya utambulisho. Mmoja anafungua akaunti benki, mwingine anamwekea ndugu yake dhamana, kijana wa mwisho kapata kazi ya ulinzi. Mtendaji, dada wa makamo, anaandika kwa mkono, anabandika picha, anagonga muhuri nusu juu ya picha nusu juu ya karatasi, kisha anapuliza wino ukauke.

"Ramani ya mtaa?" aliniuliza bila kuinua kichwa. "Ilikuwepo pale ukutani kaka. Walipokuja kupaka rangi ikatolewa, haikurudi."

Haimsumbui sana, maana kundi la WhatsApp la mtaa analo mkononi. Alinionyesha: kikao kimeahirishwa, mtoto kapotea amevaa fulana ya kijani, umeme utakatika saa tatu hadi saa kumi, mtu kauliza gari la taka litapita lini, chini yake sauti za dakika mbili mbili ambazo hakuna anayezisikiliza hadi mwisho. Nikamuuliza kama mikutano bado inatangazwa kwa spika. "Lazima bajaji ipite. Wazee hawamo kwenye kundi, na wapangaji wengi hawamo. Nikitangaza kwenye simu tu, watakaokuja ni walewale wanaobishana huko."

Kuna njia nyingine ambayo watu wachache niliowauliza sokoni waliifahamu. Hata simu ya batani ikipiga *152*00# inafungua menyu ya huduma za serikali, na humo mna e-Mrejesho, mfumo wa Mamlaka ya Serikali Mtandao unaopokea malalamiko, maulizo na pongezi kwa taasisi za umma. Hauhitaji bando. Dereva bodaboda mmoja aliusoma wote hadi mwisho, akaniuliza: "Sasa nikilalamika, nani mtaani atajua kama nimejibiwa?" Hilo ndilo swali nililoondoka nalo. Jibu likikujia wewe peke yako kwenye simu yako, ni huduma kwa mteja. Mtaa mzima ukiliona jibu, hapo kuna kitu cha kumbana nacho kiongozi.

Na hata mtaa mzima ukiliona, kuna kikwazo cha sheria ambacho wengi hatukijui. Kijiji nchini kwetu ni chombo kinachotambulika kisheria: kinamiliki mali, kinashtaki na kushtakiwa, kina fungu lake. Mtaa wa mjini hauna hadhi hiyo. Mwenyekiti anachaguliwa kwa kura, lakini akiwa na ramani nzuri kuliko zote duniani, mtaro uliokatika utabaki ombi la kupelekwa kwenye kata, kutoka kata kwenda halmashauri, na huko likasubiri bajeti. Na hapo sijagusa nani anakikalia kiti. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 ulikwisha kwa chama tawala kuchukua zaidi ya asilimia 98 ya viti vya uenyekiti, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa. Hakuna programu ya simu inayotibu hilo.

Jumamosi, Bonde la Msimbazi

Asubuhi nimeteremka Jangwani kwa basi la mwendokasi, nikashuka kabla ya bonde na kuendelea kwa miguu. Anayeishi Dar hahitaji kuelezwa habari za hapa. Desemba 2011 mvua iliua watu zaidi ya 40 jijini, waliopoteza makazi wakapelekwa Mabwepande, na tangu hapo kila masika barabara hii ikifungwa jiji linakatika vipande viwili.

Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria. Tume ya Sayansi na Teknolojia, Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Msalaba Mwekundu na Benki ya Dunia walikuwemo, lakini miguu ilikuwa ya wanafunzi na wakazi. Droni zilipiga picha kutoka juu, ila droni haijui mtaro una kina gani wala kama chini ya kalvati mmejaa chupa za plastiki. Hilo lilitaka mtu ashuke na rula. Walipima upana, wakapima kina, wakaandika mtaro umejengwa kwa zege au ni udongo mtupu, umeziba au unapitisha. Wajumbe wa mashina, yaani viongozi wa vikundi vidogo vya nyumba, nao waliitwa wachore kwa kalamu, juu ya picha iliyochapishwa, shina la kila mmoja linapoishia. Mipaka hiyo ilikuwa vichwani mwao tu miaka yote.

Kitu ninachokipenda zaidi katika kazi ile ni namna kina cha mafuriko kilivyopimwa. Aliulizwa mwenye nyumba: maji yalikufika wapi? Kwenye kifundo cha mguu, gotini, kiunoni, kifuani? Mwili wa mtu ukawa kipimo, na kumbukumbu ya bibi aliyekaa bondeni miaka 30 ikaingia kwenye kompyuta pamoja na picha za droni, zikapangwa kwenye programu huria na kutoa ramani ya wapi maji yatafika mvua nyingine ikija.

Nilikutana na mzee mmoja upande wa Magomeni aliyekuwa na banda la kuchomelea mageti. Alinipeleka hadi kwenye ukuta uliobaki wa nyumba ya jirani na kuniwekea kiganja juu ya msitari wa tope, usawa wa kitovu chake.

"Hapa. Walikuja vijana wa chuo, nikawaonyesha hapahapa, wakapiga picha, wakaandika. Wazuri sana, wana adabu. Baadaye wakaja wengine wa tathmini."

"Ulilipwa, mzee?"

"Jirani kalipwa, kahama. Mimi banda langu lipo juu zaidi ya alama yao ya fidia." Akacheka. "Alama imenikosa kwa hatua chache. Sijui nishukuru au nilie."

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 wa kuliendeleza bonde hili: mto kuchimbwa, daraja la juu kujengwa Jangwani, na wakazi wa bondeni kulipwa fidia ili waondoke. Nilikuwa na ramani ya zamani niliyoihifadhi kwenye simu. Ndani yake vibanda vimesongamana kama mbegu za papai. Mbele yangu kulikuwa na kifusi, majani na ng'ombe wanne.

Nimekaa nalifikiria hilo kutwa. Aliyesema maji yanamfika kiunoni alikuwa anatoa ushahidi, na ushahidi huohuo unaweza kumletea mtaro au kumletea tingatinga. Sisemi watu wangebaki mle wafe. Ninachosema ni kwamba anayeulizwa maswali ana haki ya kuambiwa majibu yake yatakwenda kwenye kikao gani na nani atakuwa amekaa humo. Fomu nyingi za kukusanya data hazina mahali pa hilo.

Jumapili, barabarani

Stendi ya Magufuli, Mbezi, kabla ya jua. Tiketi iko kwenye simu, lakini kondakta bado anataka kuiona kwenye karatasi. Mabasi ya mikoani yamefungwa vifaa vinavyoripoti mwendo kwa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na ukomo ni kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo kila basi linapozidi kinalia kitu kama panya aliyebanwa mlango, na abiria wa nyuma wanamzomea dereva kwa sababu mbili zinazopingana: nusu wanataka apunguze, nusu wana haraka. Tanga chai na chapati. Horohoro, mpakani, upande wa Tanzania na wa Kenya wanagonga pasi chini ya paa moja. Kivuko cha Likoni nimekivuka usiku, nimebanwa kati ya mikokoteni.

Jumatatu, Mombasa hadi Wote

Tiketi ya reli Kenya inakatwa kwa *639# na kulipiwa M-Pesa, hapahapa kitandani. Kwenye stesheni ya Miritini mizigo inapangwa chini msitari mmoja, mbwa anapita akinusa, kisha unaingia. Nimepanda treni ya asubuhi inayosimama kila stesheni, kwa sababu ya haraka haisimami Emali, ninakoshukia.

Tsavo inapopita dirishani nimesoma sheria mbili nilizokuwa nimezipakua. Tanzania na Kenya zote zilipitisha sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka uleule, 2016. Mwaka huo pia Manispaa ya Kigoma-Ujiji ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali za mitaa chache duniani kwenye majaribio ya mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi. Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa kwenye mpango huo, na Kigoma ikatoka nayo. Watu wengi wa Kigoma niliowahi kuwaambia habari hii walidhani nawatania.

Emali jua kali. Matatu hadi mji wa Wote, nimekaa na mama mwenye kuku wawili kapuni.

Jumanne, Wote

Wote si jiji. Ni mji mdogo wenye barabara moja kubwa, maembe kila kona, na makao makuu ya Kaunti ya Makueni. Nimekuja huku kwa makusudi, maana kila anayezungumzia ushirikishwaji wa wananchi Kenya lazima aitaje.

Haikuanza vizuri. Kaunti zote 47 zilianza kazi 2013 chini ya Katiba ya 2010, na hapa gavana wa kwanza, Kivutha Kibwana, aligombana na bunge lake la kaunti hadi kaunti ikasimama. Septemba 2014 risasi zilipigwa palepale kwenye viwanja vya bunge. Wananchi wakasaini ombi la kuivunja kaunti yao wenyewe, tume ikaundwa, ikakubaliana nao, lakini Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Wakalazimika kuishi pamoja. Kilichojengwa baada ya hapo ni ngazi: watu wanakutana kijijini, wanataja wanachotaka, wanachagua wawakilishi wa kukipeleka kwenye kundi la vijiji, kisha kwenye wadi (zipo 30), kisha kaunti ndogo, hadi kwenye bajeti. Vikao vya kijijini vinaendeshwa kwa Kikamba, na hili wageni hulipita haraka ingawa ndilo linalomfanya bibi anyanyue mkono.

Dada wa mapokezi pale hotelini aliniunganisha na mwalimu mstaafu ambaye yumo kwenye kamati ya mradi wa maji kijijini kwao. Tumekunywa chai dukani kwa mkwewe. Kanivulia kofia, mimi mdogo wake kwa miaka 40, nikaona aibu.

"Mwalimu, ninyi kazi yenu ni nini hasa?"

"Kuhesabu," akasema. Akatoa daftari la shule lenye kava jekundu, na simu iliyopasuka kioo. Kwenye daftari: tarehe, mifuko ya saruji iliyoshushwa, mifuko iliyotumika, jina la aliyelala akilinda. Kwenye simu: picha ya kila mzigo, imepigwa mbele ya mti uleule ili isisemwe imepigwa kwingine. Akanionyesha picha moja, akaikuza kwa vidole viwili hadi nikaona vizuri. Nondo, na juu yake rula ya mtoto wa shule.

"Tuliandikiwa milimita 10. Hizi ni 8. Nilimwita mkandarasi, nikamwambia kijana, rudisha."

"Akarudisha?"

"Asingerudisha angelipwa na nani?"

Hapo ndipo penye siri ya Makueni. Malipo ya mkandarasi hayatoki mpaka kamati ya mradi ya wananchi isaini kwamba kazi imefanyika sawasawa. Kaunti pia huweka taarifa za zabuni na mikataba mtandaoni, na hilo ni zuri kwa waandishi wa habari na kwa mtu kama mimi. Mwalimu hajawahi kuufungua ukurasa huo. Hana haja. Nakala ya makadirio ya mradi anayo kwenye daftari, kamera anayo mfukoni, na saini yake ina pesa nyuma yake. Ukimpokonya saini ukamwachia simu, atabaki kuwa mpiga picha.

Kama ningeulizwa tubebe nini kutoka huku kwenda Dar, nisingebeba programu yoyote. Ningebeba fomu ya saini.

Nilimuuliza kama hakuna wizi basi. Alinitazama kama walimu wanavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza swali la kijinga kwa nia njema. "Upo. Lakini sasa mwizi inabidi atuombe."

Jumatano, Mukuru

Kutoka Wote hadi Nairobi matatu ilitumia asubuhi yote. Mukuru ni vijiji vitatu vikubwa vilivyobanwa kati ya viwanda: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Mabati juu, mabati ubavuni, nyaya za umeme usawa wa kichwa.

Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ililitangaza eneo hili kuwa eneo maalumu la mipango. Tangazo hilo lilisimamisha ujenzi mpya wakati mpango unaandaliwa, na kuilazimisha kaunti kuandaa mpango wenyewe. Halikuanguka kutoka mbinguni. Muungano wa Wanavijiji na mashirika rafiki walikuwa wameshapita nyumba kwa nyumba wakihesabu, wakionyesha kwa takwimu kwamba maskini wa hapa hununua mtungi wa maji kwa bei ghali kuliko mwenye bomba kwenye mtaa wa kitajiri.

Kaya zaidi ya 100,000. Unazishirikishaje? Ukiitisha baraza uwanjani watakuja wenye sauti. Ukituma fomu kwenye simu watajibu vijana. Walichofanya ni kuzigawa kaya kumi kumi, kila kumi wakae wazungumze na kuchagua mmoja, wale waliochaguliwa wakutane, waendelee kupanda hivyo hadi kwenye meza ya wataalamu wa barabara, maji, afya, elimu, nyumba. Simu zilikusanya takwimu na ramani ilichorwa kwa kompyuta, lakini ubishi kuhusu barabara ipanuliwe mita ngapi, na mabati ya nani yarudi nyuma, ulifanyika watu wakiwa wameketi goti kwa goti.

Mama mmoja anayeuza mandazi karibu na Reuben alikuwa mwakilishi wa kumi lake. "Tulihesabiwa mpaka tukachoka," aliniambia. "Mlango wangu uliandikwa namba na chaki, halafu na rangi, halafu na stika. Lakini barabara hii unaona hapa? Tulisema ipite hapa, na imepita hapa." Ni lami, nyembamba, na mtaro wa zege pembeni. Kuanzia 2020 mamlaka ya kitaifa iliyopewa kuendesha huduma za Nairobi ilijenga barabara na hospitali humu ikitumia mpango huo.

Nikamuuliza kuhusu 2021, akanyamaza kidogo. Mwishoni mwa mwaka ule matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara nyingine, ambayo haikupitia kwa makumi yoyote, na maelfu ya watu walilala nje. Takwimu zao zilikuwepo. Stika zao zilikuwa milangoni. "Milango yenyewe ndiyo iliondoka, brathe," alisema, akanipa andazi la pili bila kulihesabu.

Alhamisi, Kibera

Siku fupi, mvua imenyesha na njia za Kibera zikilowa hazina huruma kwa viatu vya mgeni.

Hapa ndipo wengi walipojifunzia. Mwishoni mwa 2009 vijana 13 wa Kibera walipewa vifaa vya GPS na kufundishwa kuuchora mtaa wao, ambao kwenye ramani ulikuwa hauonekani. Baadaye wakaongeza ukurasa wa habari za mtaani kwa kutumia Ushahidi, programu iliyotengenezwa Januari 2008 hapa Kenya ili watu watume taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi kwa ujumbe mfupi, na ambayo imetumika hadi kwenye tetemeko la Haiti 2010. Mwaka huohuo wa 2009 sensa ya taifa iliwakuta watu 170,070 Kibera. Ilikuwa kelele kubwa, kwa sababu kwa miaka mingi dunia ilikuwa ikiambiwa ni milioni nzima, na kuna mashirika yaliyoomba misaada kwa hesabu hiyo ya milioni.

Kijana aliyenizungusha alikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati ule. Anasema faida aliyoiona kwa macho ni moja: shule. Zile shule ndogo za mabati, za watu binafsi na makanisa, ndizo zinazofundisha watoto wengi wa humu, na kabla ya kuchorwa hazikuwa kwenye orodha ya mtu. Kuhusu mengine alikuwa na shaka. "Wachoraji wakipata kazi nzuri mjini wanaenda. Ramani inabaki na vyoo vya zamani." Ndivyo ilivyo kila nilipopita. Kuchora kunapata mfadhili haraka. Kurudia kuchora kila mwaka hakuna anayekutaka.

Ijumaa, Nairobi mjini

Nimeshinda katikati ya jiji nikisubiri basi la kesho. Ramani ya njia za matatu ya 2014 bado inavutia kuitazama: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda magari wakiwa na simu zinazorekodi kila steji, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya Marekani, wakatoa ramani ya njia zaidi ya 130 iliyopangwa kwa rangi kama za treni za Ulaya. Mwaka uliofuata ukaweza kupangiwa safari ya matatu na Google. Makanga niliyemwonyesha aliitazama akasema njia yake imehama mara mbili tangu hapo, lakini aliinukuu namba ya njia ya jirani ili abishane nayo.

Huko Kayole Soweto wateja wa maji walianza kusoma mita zao wenyewe na kutuma namba kwa simu, wakarudishiwa bili, wakalipa kidogo kidogo kadiri ya walichonacho. Huduma iliitwa Jisomee Mita. Mtu anayelipwa kwa siku hawezi kulipa bili ya mwezi, na huo ndio uvumbuzi mzima. Natamani ningelipita huko.

Jioni nimekaa kibandani na wanafunzi wawili, ugali na matumbo. Mazungumzo hayakuchukua muda kufika Juni 2024. Muswada wa Fedha, uliotaka kuongeza kodi, ulikuwa kitabu cha Kiingereza cha kisheria. Vijana wakaunda roboti ya mtandaoni ya kujibu maswali kuhusu muswada huo, wengine wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, namba za simu za wabunge zikasambazwa ili "wasalimiwe". Juni 25 waandamanaji waliingia bungeni, watu waliuawa kwa risasi, na kesho yake Rais Ruto akakataa kuusaini.

"Lakini huo ni mswada wa taifa," nikasema. "Bajeti ya wadi yako umeisoma?"

Wakatazamana. Mmoja akasema tangazo la maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti hutoka gazetini, na yeye gazeti hulionea kwenye kufungia nyama. Wakanirudishia swali: kwenu vipi? Nikawaambia kuhusu mtaa usio na fungu. Nikawaambia pia kwamba Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima. Walikuwa wanajua. Mmoja ana shangazi Arusha ambaye hakupatikana siku kadhaa.

Usiku nimempigia mwenyekiti wa mtaa wetu. Nilimweleza habari ya mwalimu, daftari, rula na saini, nikamwambia kuna mtaro wa halmashauri unaojengwa nyuma ya msikiti wetu na sisi tunaweza kuunda kamati ya kuhesabu saruji hata kama sheria haitupi fungu. Alinisikiliza vizuri. Akasema nilete kama ajenda kwenye mkutano mkuu ujao, na nimtumie picha ya hilo daftari. Tarehe ya mkutano bado haijapangwa. Basi la Dar kupitia Namanga linaondoka alfajiri, na wakala ameniambia niwe River Road saa kumi na moja, nisije na mizigo mingi.